1HZ Imepata Pumzi: Turbo ya Land Cruiser Linalokokota Tela

Niseme mapema kabla injini haijapoa: hiki ndicho kitu kitamu kuliko vyote nilivyowahi kuona vikifungwa kwenye Land Cruiser pikapu. Turbo! Turbo ndogo, nzito mkononi, imekaa ubavuni mwa injini yake, 1HZ, kana kwamba Toyota wenyewe ndio walioiweka kiwandani. Nimeliendesha gari hilo likiwa na tela lenye shehena, kutoka Morogoro, kupitia Mikumi, mpaka juu ya Kitonga, na bado nausikia masikioni ule mluzi wake mwembamba unaoanza kila mguu unapogusa pedali ya mafuta.

Wenye magari haya mtanielewa. 1HZ tunaipenda kwa sababu haitutupi. Haina kompyuta ya kusimamia mafuta, haikuwashii taa ya onyo isiyoeleweka ukiwa katikati ya pori, fundi wa wilayani anaijua, na vipuri vyake unavipata Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi. Lakini ifungie tela halafu ionyeshe mlima. Unatoka gia ya nne, unashuka ya tatu, unashuka ya pili, mguu umegota sakafuni, moshi mweusi unatanda nyuma, na mshale wa mwendo unateremka tu. Hali hiyo ndiyo iliyonipeleka gereji kuiona seti hii ya turbo kwa macho yangu. Sasa nimeiona, nimeiendesha, na siwezi kukaa kimya!

Tuanze na injini yenyewe, maana ukiielewa utaona kwa nini turbo ndiyo dawa yake. 1HZ ilianza kutoka mwaka 1990. Ni silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 4,164, kilowati 96 ambazo ni kama nguvu farasi 129, na nguvu ya kuzungusha ya Nm 285 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Hewa inaingia kwa kuvutwa na pistoni tu, basi. Sasa sikia hii. Mwaka huohuo Toyota walitoa ndugu yake, 1HD-T. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 94. Mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 100. Ujazo haukuongezeka hata cc moja. Walichofanya ni kuipa turbo na kupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni badala ya kwenye kijichumba cha pembeni, na nguvu ya kuzungusha ikaruka hadi karibu Nm 360. Cc zilezile! Kila nikiuangalia ukoo huu wa injini nasisimka, kwa sababu unaonyesha wazi kwamba ukubwa haukuwahi kuwa tatizo. Kilichokuwa kikikosekana ni hewa.

Na hewa, kwa sisi tunaoishi na kusafiri nyanda za juu, ni jambo zito. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa pauni 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Panda Mbeya au Nairobi, karibu mita 1,700 juu, na pauni hizo zinabaki kama 12. Yaani asilimia 18 hivi ya hewa imetoweka kabla hujafunga hata kamba ya mzigo, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hichohicho. Zile Nm 285 za kwenye karatasi zinakuwa kama 235. Ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700, umepoteza zaidi ya robo. Wakati huohuo pampu ya dizeli, kama haina kifaa cha kurekebisha mwinuko, inaendelea kumwaga mafuta yaleyale ya pwani. Mafuta mengi, hewa kidogo: ule moshi mweusi unaouona kwenye kioo ni dizeli uliyoilipia ikipotea angani.

Turbo inaligeuza jambo hili juu chini. Ipe pauni 8 za kusukuma, kiwango cha unyenyekevu kabisa. Mbeya una 12 za angani, unajumlisha 8, unapata 20. Ishirini! Injini iliyokuwa ikihema kileleni sasa inapata hewa yenye msukumo mkubwa kwa zaidi ya theluthi kuliko ile ya ufukweni Dar. Ndiyo maana nasema wavutaji wa mizigo wa nyanda za juu wana haki ya kuifurahia turbo kuliko mtu yeyote anayeishi karibu na bahari.

Seti niliyoiona ni ya kutoka Australia, na si kwa bahati. Kule 1HZ iliuzwa miaka mingi kwa wafugaji na watu wa migodini, wakaitwisha mizigo kwenye joto na vumbi, na mafundi wao wakapata muda mrefu wa kujua nini kinadumu na nini kinapasuka. Uzoefu huo unauona kwenye manifodi. Ni chuma cha kumiminwa, kinene, na flenji yake imesawazishwa hadi inang'aa. Nilipitisha kidole, hakuna mkwaruzo. Linganisha na zile manifodi za mabomba membamba ya kuchomelewa zinazouzwa kwa bei ya kuvutia: zinapendeza siku ya kwanza, halafu joto la kupanda na kushuka linafungua nyufa kwenye maungio. Kwa gari la kukokota tela, manifodi ya kumiminwa na basi, mjadala umefungwa.

Kilichonikosha zaidi ni kazi ya kurudisha oili. Turbo inaelea juu ya oili ya injini. Inapelekewa kwa mpira mwembamba uliovikwa wavu wa chuma, lakini inaporudi hairudishwi na pampu yoyote, inateremka kwa uzito wake tu. Kwa hiyo bomba la kurudi lazima liwe nene, lishuke bila kona ya kupanda, liingie kwenye sampu juu ya kiwango cha oili. Fundi aliishusha sampu chini kabisa, akaitoboa ikiwa mezani, akaisafisha kwa dizeli, kisha akaifuta kwa kitambaa cheupe, akakitazama kitambaa kwenye mwanga, akafuta tena. Alirudia mpaka kitambaa kikatoka bila hata chembe ya chuma. Kuna wanaotoboa sampu ikiwa bado imefungwa kwenye gari na kupaka grisi kwenye kekee eti inakamata vumbi la chuma. Chembe moja ikiingia kwenye beringi za krenki, turbo yako yote imekuwa hasara. Ukimwona fundi wako ana kile kitambaa cheupe, kaa naye.

Sasa, ukubwa wa turbo. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na hapa ndipo ningetaka nikushike mkono kabisa. Muuzaji atakutajia nguvu farasi za kileleni, namba kubwa kubwa, na utatamani turbo kubwa. Mwulize swali moja: kwenye mizunguko 1,600 inanipa nini? Turbo kubwa inachelewa kuzunguka. Inaamka mizunguko 2,500 kwenda juu, na ikiamka kweli inanguruma. Lakini dereva mwenye tela hakai huko. Anaishi kati ya 1,500 na 2,500. Anaondoka kwenye matuta, anapita kijiji taratibu, anashika kona ya mlima nyuma ya lori, na kila mara anahitaji nguvu iwepo pale mguu unapokanyaga. Turbo ndogo ndiyo inayompa hiyo. Hii niliyoiendesha inaanza kusukuma kwenye 1,500 hivi, na kabla hujafika 2,000 mshale wa upepo umeshakaa kwenye pauni zake 8. Hakuna kusubiri. Unakanyaga, gari linaenda!

Na lilikwenda. Kutoka Morogoro tulikuwa na tela la ekseli mbili, jenereta na mashine ya kusukuma maji ndani yake, tani mbili na ushei. Kwenye tambarare gari lilikaa gia ya nne bila kuombwa. Tukapita bonde la mibuyu, Ruaha Mbuyuni, joto limeshika kisawasawa, na mbele yake ukuta wa Kitonga. Wanaoijua barabara ile wanajua: upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na ukipoteza kasi kwenye kona huipati tena mpaka juu. 1HZ ya kawaida na tela hili ingekuwa gia ya pili, na kwenye kona kali ingeomba ya kwanza. Tuliingia na gia ya tatu. Nikasubiri ife. Haikufa! Mizunguko ikakaa 2,100, 2,200, mluzi unaimba, moshi kwenye kioo ni ukungu mwepesi tu, na lori lilipokaa pembeni kutupisha nikakanyaga na gari likaongeza mwendo. Likaongeza mwendo, kwenye Kitonga, na tela! Nilipiga usukani kwa furaha.

Macho yangu muda wote huo hayakuwa kwenye mshale wa spidi. Yalikuwa kwenye kigeji kidogo kilichofungwa pembeni ya kioo cha mbele, kinachoonyesha joto la moshi. Kama kuna kitu kimoja ningewaomba wasomaji wakichukue katika habari hii yote, ni kigeji hicho. Kukokota tela ni vita ya joto. Anayelipita basi anakanyaga kwa sekunde chache na kuachia. Pistoni haipati muda wa kupata moto. Anayepanda Kitonga na tela anakanyaga dakika baada ya dakika, na kila kiasi cha mafuta anachoongeza kinakwenda kwenye pistoni, kwenye vali, kwenye kichwa cha injini. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Pistoni haifikii joto la moshi wenyewe, kwa kuwa mlipuko unakuja na kukatika na oili na maji vinabeba joto, lakini 1HZ haikuundwa kwa ajili ya turbo kama ndugu yake 1HD-T. Uwiano wake wa mgandamizo nao ni mkubwa, zaidi ya 22 kwa 1. Ndiyo maana napenda pauni 8, nakubali 10, na mtu akiniambia 15 bila kuifungua injini namwonea huruma injini yake.

Sensa ya kigeji hiki imefungwa kwenye manifodi, kabla ya turbo. Hapo ndipo mahali pake. Ikifungwa baada ya turbo itakusomea namba ya chini, wakati mwingine pungufu kwa nyuzi 100 au zaidi injini ikiwa imeelemewa, na utajiona salama kumbe unapika kichwa. Kwenye Kitonga ilipanda 560, 590, ikagusa 620. Nikalegeza mguu kidogo tu, upana wa kidole, na namba ikaanza kushuka palepale wakati mwendo haujabadilika sana. Huo ni uhuru wa ajabu! Geji ya maji ya kwenye dashibodi inachelewa. Inakupa habari baada ya mambo kuharibika. Hii inakupa habari wakati bado una la kufanya. Mimi mpaka wangu kwa mlima mrefu ni 650 kabla ya turbo, na sioni sababu ya kuuvuka.

Na ni nani anayelipandisha hilo joto? Mara nyingi ni bisibisi. Nyuma ya pampu ya dizeli ya 1HZ kuna skrubu ya mafuta yenye nati ya kuifungia. Kila fundi anaijua. Mteja akisema gari halivuti, skrubu inazungushwa, gari linavuta zaidi, mteja anaondoka na furaha, na moshi mweusi unaondoka naye. Kwenye injini isiyo na turbo hayo ni mafuta yasiyo na hewa ya kuyachoma. Yanageuka joto na masizi. Mpangilio sahihi ni hewa kwanza, mafuta baadaye, na mafuta yenyewe kwa vipimo vidogo: robo ya mzunguko ni nyingi. Gari hili pampu yake ilifungwa pia kidude chenye kiwambo kinachohisi upepo wa turbo, kwa hiyo mafuta yanaongezeka pale tu hewa ikiwa imefika. Ndiyo siri ya kuondoka kwenye mataa bila kuwafukizia waendesha bodaboda. Seti nyingi za bei nafuu hazina kidude hiki. Ulizia.

Bomba la moshi linapaswa kuwa la inchi 3 kuanzia turbo hadi nyuma. Hakuna la kujadili hapa. Turbo inayosukuma hewa ndani huku moshi unabanwa nje ni kama mpagazi anayepanda mlima akipumulia mrija wa soda. Joto linakwama kwenye manifodi, na kigeji kitakuambia hivyo siku ya kwanza.

Intakula, hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kulisimulia gari hili. Hewa ikibanwa inapata moto, sheria ya maumbile. Siku ya nyuzi 30, ukiibana kwa pauni 8 kwa turbo ya kawaida, inatoka na nyuzi zinazokaribia 90. Hewa hiyo ya moto ni nyepesi, na inaupandisha moshi nao joto. Intakula nzuri inaipoza mpaka ikaribie joto la nje. Gari nililoendesha halina intakula na bado lilinifurahisha kiasi hiki, sasa fikiria likiwa nayo! Lakini chagua mahali pa kuiweka kwa kufikiria kazi yako. Intakula ya juu ya injini, yenye pua kwenye boneti, inapendeza sana kwa macho na mabomba yake ni mafupi, ila inategemea upepo wa mwendo kasi. Unapanda Kitonga nyuma ya lori kwa kilomita 25 kwa saa, upepo uko wapi? Imekaa juu ya injini ya moto inajipasha yenyewe. Ile ya mbele ya rejeta inavutiwa hewa na feni ya injini hata gari likiwa linatambaa. Inainyima rejeta hewa kidogo, ndiyo, kwa hiyo rejeta iwe safi ndani na nje, mapezi yasiwe yamejaa mbegu za nyasi na wadudu. Kwa tela, mimi niko upande wa ile ya mbele bila kusita.

Tukigusa feni: kabla hujalipa hata senti ya turbo, ishike feni ya injini ikiwa imezimwa na ya moto, uizungushe kwa mkono. Ikizunguka kirahisi kama feni ya mezani, klachi yake ya silikoni imechoka na haivuti hewa inavyotakiwa. Kuna magari yanayosingiziwa turbo kuwa ndiyo inayochemsha maji, na kosa lote liko kwenye klachi ya feni iliyokufa zamani.

Klachi ya miguuni nayo itadai haki yake. Ya kawaida iliyochakaa itateleza siku ya kwanza turbo ikishika kwenye gia ya nne. Weka ya kazi nzito pamoja na turbo, gereji ileile, maana gharama ya kushusha gia boksi mara mbili inauma. Na gia ya tano isahau tela linapokuwa zito. Gia ya nne inapitisha nguvu moja kwa moja bila kupitia meno ya ziada, imara kabisa, na kwa turbo hii inatembea vizuri tu.

Breki hazijaongezewa kitu na turbo. Mlima uliopanda kwa gia ya tatu ushuke kwa gia ya pili, na tela la tani mbili liwe na breki zake zenyewe.

Najua kuna njia nyingine, na nimezipitia zote kwa macho ya mtu anayetaka kuvuta mzigo. Kuitoa 1HZ na kuweka 1HD-T ni ndoto nzuri, na anayeipata ikiwa na hali njema atafurahi. Ila zile za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula beringi za koni rodi, kwa hiyo beringi zifunguliwe zikaguliwe kabla injini haijaingia kwenye gari. Nozeli kubwa kwenye 1HZ isiyo na turbo ni kuongeza moshi kwa bei ghali. Wenye Hilux na Land Cruiser mpya za lita 2.8, hamna shida yetu: toleo la sasa linatoka kiwandani na Nm 500 kwenye gari la gia otomatiki, na turbo imo. Huko kazi ni ya programu. Kuandika upya programu ya kompyuta ya injini kwa mtu anayejua, akiwa na vipimo vya gari lako lenye tela, kunaweza kuwa kuzuri sana. Kale kaboksi ka kuchomeka kanakoidanganya kompyuta kuhusu presha ya dizeli sikapendi kwa kazi ya kukokota, kwa sababu kompyuta inaendelea kulinda injini kwa kutumia namba za uongo. Na kale kengine kanakofungwa kwenye pedali hakaongezi hata Nm moja. Kanafungua mafuta mapema tu, na kwa tela unataka mguu laini.

Lakini moyo wangu uko kwa 1HZ, na naomba niseme na yule mwenye pikapu la zamani na mfuko usiojaa. Huhitaji kununua vyote kwa mkupuo. Anza na kigeji cha joto la moshi na bomba la inchi 3. Vyote viwili vitatumika na turbo ikija, hakuna kinachopotea. Rekebisha feni, osha rejeta, badilisha mkanda wa taiming kama hujui ulibadilishwa lini, pima mgandamizo wa silinda zote sita. Silinda moja ikisoma chini ya wenzake, turbo isubiri. Hakuna upepo unaoponya ringi zilizochoka. Injini ikiwa nzima, ndipo ulete turbo ndogo yenye manifodi ya kumiminwa, na ile pampu ifungiwe kiwambo. Oili ibadilishwe mapema kuliko ulivyozoea, maana sasa inapoza kitu kinachozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Ukifika juu ya mlima usizime injini papo hapo. Iache iungurume taratibu dakika kadhaa, tazama kigeji kinashuka chini ya 300, ndipo uchomoe ufunguo. Vinginevyo oili iliyobaki ndani ya turbo inaungua na kuwa makaa.

Mwenye gari ameshaagiza intakula ya mbele. Ikifungwa, tumekubaliana tela liwe lilelile, na mlima uwe Sekenke, mchana wa jua kali. Nataka kuona kama kigeji kitaweza kukaa chini ya 600 mguu ukiwa umekanyaga, na mimi ninaamini kitakaa!